Kibao kipya, mlango ule ule: idara za ujasusi hubadilika kweli baada ya kashfa?

Mto_Nalubaale (mwanzisha uzi)

Wakubwa, habari za jioni. Kashfa ya watu wa usalama ikilipuka, tunajua kinachofuata: kamati ya Bunge inaundwa, mkuu anaondolewa, kitengo kinavunjwa, kinazaliwa kingine. Miaka mitatu minne ikipita malalamiko yanarudi, hata fundo la kamba wanayofungiwa watu halijabadilika. Naomba tujadili kwa vitu vinavyopimika, hasira tuziweke kando.

Naanza na Kireka, hapa kwetu Kampala, Uganda. Mwaka 2002 ilianzishwa Operesheni Wembley kupambana na majambazi wenye bunduki Kampala, ikiwa na wanajeshi na watu wa ISO, idara ya ujasusi wa ndani, ndani yake. Ikageuka VCCU, kitengo cha kupambana na uhalifu wa kutumia nguvu. Mwaka 2007 VCCU ikawa RRU, kikosi cha polisi cha dharura. Mwaka 2011 Human Rights Watch ikatoa ripoti juu ya RRU: vipigo, watu kuwekwa ndani kupita saa 48, maungamo ya kulazimishwa. Desemba mwaka huo huo mkuu wa polisi (IGP) Kayihura akaivunja RRU, ikaundwa SIU, kitengo cha upelelezi maalumu. RRU ilikuwa na makao Kireka. SIU nayo ikakaa wapi? Kireka.

Majina manne ndani ya miaka kumi. Kwa anayeijua kazi hii, ni lini tuseme idara imebadilika, na ni lini tuseme imenawa uso tu?

---

Wakili_wa_Mbale

Ndugu Nalubaale, jina la kitengo mimi silisomi kabisa. Nauliza nani ana funguo za chumba cha mahabusu, daftari la kuingia linaandikwa saa ngapi, na gari lililomleta mtu limesajiliwa kwa nani. Hayo matatu yasipobadilika, hata waite kitengo "Huruma" bado tuko pale pale.

Nieleze daftari, kwa sababu hapo ndipo wengi hawaangalii. Ibara ya 23 ya Katiba inasema mtu akamatwe, awekwe mahali palipoidhinishwa na sheria, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Ujanja uko kwenye saa ya kuanza kuhesabu. Mtu anachukuliwa Jumatatu na gari lisilo na namba, anakaa siku tisa mahali pasipo na daftari, siku ya kumi anashushwa kituo cha kawaida. Askari wa kaunta anaandika tarehe ya siku hiyo. Ukilisoma lile daftari, saa 48 zimeheshimiwa kikamilifu! Hakuna aliyefuta wino wala kughushi sahihi. Zile siku tisa hazikuandikwa popote, basi.

Kwa hiyo mageuzi yanayosema "tutaheshimu saa 48" hayana maana mpaka yaseme pia kwamba anayepokea mahabusu kutoka kitengo kingine lazima aandike jina na namba ya aliyemleta, alikamatwa lini na wapi, na alikuwa na majeraha gani wakati anapokelewa. Askari wa kaunta akijua kwamba kukosa kuandika kunamfanya yeye mwenyewe kuwa mshtakiwa, ataanza kukataa kupokea. Pale ndipo utaona simu zinapigwa.

---

Bombo_Barabarani

Mnaanza 2002 kana kwamba nchi ilizaliwa jana. Turudi nyuma kidogo.

Obote wa kwanza alikuwa na idara ya ujasusi, General Service Unit, chini ya Akena Adoko. Amin alipoingia 1971 tukapata idara yake ya ujasusi, State Research Bureau, pale Nakasero. Watu walipopotea kwa wingi, akiwemo Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka aliyechukuliwa Mahakama Kuu Septemba 1972, kelele za nje zilimfanya Amin aunde tume mwaka 1974. Mwenyekiti alikuwa Jaji Mohamed Saied. Tume ilisikiliza mashahidi 545 na kuorodhesha kesi 308 za waliopotea, na ikathubutu kuvitaja vitengo vya usalama vya serikali yenyewe. Kwa zama zile, hiyo ilikuwa kazi ya ushujaa.

Matokeo? Ripoti alikabidhiwa yule yule aliyekuwa anachunguzwa. Haikuchapishwa. Baadhi ya waliokaa kwenye tume ndio walioandamwa. State Research ikaendelea na kazi mpaka Aprili 1979 Kampala ilipoanguka.

Obote wa pili akaja na idara ya usalama iliyoitwa NASA, vyumba vikawa Nile Mansions, hoteli ambayo leo watu wanakwenda kula harusi kwa jina jingine. Mitaani kukawa na "panda gari". Wazee wa Kampala wasiojua Kiswahili hata cha kuombea maji walijua maneno hayo mawili, kwa sababu ndiyo waliyoamriwa na askari mbele ya lori. Lugha yetu ilipata sifa mbaya hapa Uganda kwa sababu kama hizo, na mpaka leo tunalipa deni hilo.

Baada ya 1986 ikaundwa tume ya Jaji Arthur Oder. Ilifanya kazi kwa kusuasua kwa kukosa pesa, ripoti ikatoka 1994. Ilizaa matunda, nakiri: ilisaidia kupatikana kwa Tume ya Haki za Binadamu katika Katiba ya 1995. Lakini hadidu zake zilianzia 1962 zikaishia Januari 1986. Waliounda tume hawakujiweka ndani ya tume. Kipimo changu mimi ni tarehe ya mwisho ya uchunguzi. Ukiona inaishia siku moja kabla ya wakubwa wa sasa, hapo unasoma historia.

---

Sangara_Mkavu

Bombo umemaliza kila kitu kwa huzuni, lakini tusiseme haiwezekani. Marekani iliwezekana, na inafaa tuone iliwezekana kwa njia gani.

Machi 1971 watu waliingia usiku ofisi ndogo ya FBI mji wa Media, Pennsylvania, wakaiba mafaili. Humo ndimo neno COINTELPRO lilipopatikana, mpango wa kuvuruga vyama na harakati za raia uliokuwa ukiendelea tangu 1956. Desemba 1974 New York Times likaandika kwamba CIA imekuwa ikipeleleza raia ndani ya nchi, jambo lililokuwa nje ya mamlaka yake. Mwaka 1975 Seneti ikaunda kamati ya Frank Church. Kamati ile haikuishia kulaumu. Iliacha vitu vinavyosimama: kamati ya kudumu ya Seneti mwaka 1976, ya Bunge la chini mwaka 1977, na mwaka 1978 sheria ya FISA iliyolazimisha kibali cha mahakama maalumu kabla ya kusikiliza simu kwa ajili ya ujasusi ndani ya nchi.

Kabla ya hapo afisa hakulazimika kwenda kwa jaji. Baada ya hapo ikabidi aandike, aape, atie sahihi, apeleke kwa jaji. Karatasi ile ndiyo mageuzi yenyewe. Afisa anayejua kuna karatasi yenye jina lake atakayoisoma mtu mwingine miaka kumi baadaye, hufanya kazi tofauti.

---

Kichuguu

Sangara, endelea na hadithi usiishie 1978. Ilipofika 2013 Edward Snowden, aliyetoa siri za NSA, idara ya Marekani ya kunasa mawasiliano, akaonyesha kwamba mahakama ile ile ya FISA ndiyo iliyosaini amri ya kampuni ya simu kukabidhi kumbukumbu za simu za mamilioni ya wateja kila siku. Kibali kilikuwepo. Jaji alikuwepo. Karatasi unayoisifu ilikuwepo, na ndiyo iliyohalalisha.

Mbele ya jaji yule anasimama upande mmoja tu. Hakuna wakili wa anayesikilizwa, kwa sababu hajui kwamba anasikilizwa. Jaji anategemea ukweli wa mleta ombi. Desemba 2019 mkaguzi mkuu wa Wizara ya Sheria ya Marekani alipitia maombi ya FBI dhidi ya mtu mmoja, Carter Page, akakuta makosa na mapungufu makubwa 17. Hiyo ni kesi iliyoangaliwa na nchi nzima. Zisizoangaliwa je?

Na kwetu tuna muundo huo huo. Sheria ya kunasa mawasiliano ya 2010 inataka kibali cha jaji, na ombi linatoka kwa wakubwa wachache waliotajwa: mkuu wa majeshi, wakuu wa ISO na ESO (ujasusi wa nje), na IGP. Kwenye karatasi ni safi. Hakuna sehemu inayosema ukishamaliza kumsikiliza mtu na kukuta hana kosa, umwambie.

Hapo Afrika Kusini wametuzidi. Februari 2021 Mahakama yao ya Katiba, katika kesi ya waandishi wa amaBhungane, iliamua kwamba aliyesikilizwa lazima aarifiwe ndani ya siku 90 baada ya kibali kuisha, isipokuwa jaji aongeze muda. Hukumu hiyo hiyo ikasema kunasa mawasiliano kwa jumla bila sheria ni haramu. Kwangu hilo la taarifa ni zito kuliko kamati kumi za Bunge, kwa sababu linampa mtu wa kawaida kitu cha kushika mkononi anapokwenda mahakamani. Bila taarifa, mlalamikaji anashindwa mlangoni: "thibitisha kwamba tulikusikiliza."

---

Sangara_Mkavu

Kichuguu, hoja nimeikubali nusu. Lakini kumbuka baada ya Snowden mahakama ya rufaa ilisema mwaka 2015 kwamba ukusanyaji ule ulivuka sheria, Bunge likabadilisha sheria mwaka huo huo, na 2019 NSA ikaacha mpango ule. Ilichukua miaka, ikafanyika.

---

Kichuguu

Ikafanyika kwa simu. Kifungu cha 702 cha FISA, kinachogusa intaneti na barua pepe, kimeongezewa muda 2018 na tena 2024. Maji ukiyaziba hapa yanatokea pale.

---

Mto_Nalubaale

Turudi kwetu Kampala, kwa wenye ofisi za Mbuya na Kololo, kidogo. Nini kinatokea kwa wakubwa wenyewe? Maana mara nyingi tunaambiwa "hatua zimechukuliwa".

---

Bombo_Barabarani

Kuhamishwa ndiyo hatua. Chukua mfano ulio wazi kabisa kwenye kumbukumbu. Desemba 2021 Marekani ilimwekea vikwazo Meja Jenerali Abel Kandiho, aliyekuwa mkuu wa ujasusi wa kijeshi CMI, kwa madai ya mateso. Januari 2022 akaondolewa CMI, ikatangazwa anakwenda Sudan Kusini. Mwezi uliofuata akateuliwa kuwa mnadhimu mkuu wa polisi. CMI nayo siku hizi inaitwa Defence Intelligence and Security.

Huko ISO, Kanali Kaka Bagyenda aliondolewa Oktoba 2020 baada ya sakata la nyumba za siri za kufungia watu, ikiwemo ile ya Kyengera ambayo wabunge wa kamati ya haki za binadamu walizuiwa kuingia mwaka 2019. Mkuu aliondoka. Mwezi mmoja baadaye, Novemba 2020, zikaanza zile "droni", HiAce zenye vioo vyeusi za kuchukulia watu, na safari hii haikuwa ISO peke yake. Machi 2021 waziri wa mambo ya ndani alisoma bungeni orodha ya watu 177 waliokuwa mikononi mwa jeshi. Kazi ilihamia jirani, afande.

---

Wakili_wa_Mbale

Hiyo ya Kyengera ina funzo la kisheria. Sheria ya 1987 iliyounda ISO na ESO iliwapa kazi ya kukusanya na kuchambua habari. Kukamata na kufunga watu si kazi yao. Waliotunga walikuwa wametoka tu kwenye NASA, walijua kwa nini wanatenganisha. Mtu anayekusanya habari akiwa pia na pingu na chumba, habari atazitafuta mle chumbani, maana ni rahisi kuliko kulipa watoa habari na kusubiri.

Kwa hiyo sheria nzuri tulikuwa nayo tangu 1987, karibu sawa na waliyopata Wakenya 1998 walipovunja Special Branch, tawi la ujasusi la polisi, kwa kuunda idara ya NSIS isiyo na mamlaka ya kukamata. Kinachokosekana ni mtu wa nje mwenye haki ya kufungua mlango bila kupiga simu kwanza. Ziara ya kuombewa ruhusa hukuta chumba kimepigwa deki na rangi haijakauka.

---

Nyanya_wa_Arua

Wanangu, mtaje Kanada pia, kwa sababu wao walijaribu hilo la kutenganisha kwa dhati. Polisi wao wa RCMP walikuwa na tawi la usalama. Mwaka 1972 lilichoma ghala la shambani kule Quebec ili watu fulani wasifanyie mkutano humo. Ikaundwa tume ya McDonald mwaka 1977, ikamaliza 1981, na mwaka 1984 ikazaliwa idara ya ujasusi, CSIS: raia watupu, hawana mamlaka ya kukamata, na kando yao chombo cha kuwakagua.

Sasa angalieni kilichoharibika. Maafisa wengi walikuwa wale wale wa RCMP waliohamishwa dawati. Na vyombo viwili vilivyotenganishwa vikaanza kunyimana habari. Juni 1985, mwaka mmoja tu baadaye, ndege ya Air India ikalipuliwa, watu 329 wakafa. CSIS walikuwa wamerekodi simu za mshukiwa mkuu, kisha wakafuta kanda nyingi kwa kufuata utaratibu wao wa kijasusi wa kufuta baada ya kuandika muhtasari. Polisi walipozihitaji kama ushahidi, hazipo.

Kwa hiyo anayetaka kutenganisha ujasusi na ukamataji lazima aandike pia, tangu siku ya kwanza, habari itakabidhiwa vipi, na mkanda halisi utunzwe kwa muda gani. Kovu likipona vibaya, Mungu anisamehe, linauma kuliko kidonda.

---

Kichuguu

Shikamoo Nyanya. Kanda zina historia mbaya kila mahali. CIA waliharibu kanda 92 za video za mahojiano mwaka 2005, na hakuna aliyeshtakiwa kwa kuziharibu. Seneti ilipoandika ripoti yake ya mateso, kurasa zaidi ya 6,000, muhtasari uliotolewa Desemba 2014 ulikuwa kama kurasa 500. Nyingine ziko kabatini.

Ujerumani Mashariki walijua kwamba idara ni faili. Novemba 1989 Stasi, idara yao ya usalama, ilibadilishiwa jina haraka haraka, ikawa "ofisi ya usalama wa taifa", mbinu tunayoijua. Lakini raia waliona moshi wa karatasi na wakaingia maofisini. Januari 15, 1990 wakaingia makao makuu Berlin. Wale maafisa walikuwa wamechana karatasi mpaka mashine zikashindwa, wakaendelea kwa mikono. Magunia karibu 16,000 ya vipande yakakutwa. Zilizobaki nzima zinajaza rafu za kilomita 111, na sheria ya 1991 ikampa kila raia haki ya kusoma faili lake. Hiyo ndiyo idara pekee ninayoweza kusema bila kusita kwamba haikurudi, na haikurekebishwa: ilifungwa, na raia wakakabidhiwa faili zao.

---

Sangara_Mkavu

Nchi yao nayo ilifungwa, Kichuguu! Hatuwezi kusubiri nchi iishe ndipo tupate daftari la mahabusu.

---

Wakili_wa_Mbale

Niongeze la pesa, halafu niende.

Tuna sheria ya kupinga mateso ya 2012. Ni kali: miaka 15 au faini ya pointi 360, yaani shilingi milioni 7.2, na mateso yaliyokithiri kifungo cha maisha. Inasema wazi kwamba "nilitumwa na mkubwa" si utetezi. Sheria ya 2019 ya kutekeleza haki za binadamu ikaongeza wajibu binafsi wa afisa.

Lakini angalia malipo yanavyotoka. Oktoba 2017 Mahakama Kuu iliamuru serikali iwalipe washukiwa 22 wa mauaji ya afisa mkubwa wa polisi, Kaweesi, shilingi milioni 80 kila mmoja kwa mateso waliyopata, wengi wao wakitaja kituo cha polisi cha Nalufenya, Jinja. Zidisha: bilioni 1.76. Mdaiwa ni Mwanasheria Mkuu, yaani mfuko wa umma, yaani muuza nyanya wa soko la Owino. Bajeti ya kitengo kilichotesa haipungui hata shilingi. Nalufenya yenyewe ilifungwa Aprili 2018, ikarudishwa kuwa kituo cha kawaida, na nakubali kufungwa kule kulikuwa kwa kweli kwa watu wa Jinja. Ila hakuna kitengo kilichojifunza kwamba kipigo kina gharama, kwa sababu hakikulipa. Laiti hukumu kama zile zingekatwa kwenye fungu la kitengo husika, mhasibu wao angekuwa mtetezi wa haki za binadamu kabla ya mwaka kuisha.

---

Mto_Nalubaale

Wakili, kabla hujaenda. Anayesoma uzi huu huenda ana ndugu yake aliyechukuliwa jana. Ubishi wetu hautamsaidia. Afanye nini, kwa mpangilio?

---

Wakili_wa_Mbale

Saa za kwanza ni za kuandika. Saa na mahali alipochukuliwa, rangi na aina ya gari, namba kama ipo hata kama ni ya uongo, majina ya walioona, simu yake ilizimika saa ngapi. Nendeni kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, aandike barua yenye muhuri. Kisha kituo cha polisi kilicho karibu, mkaripoti mtu aliyepotea na msiondoke bila namba ya SD, daftari la kituo. Wakisema "huyu amechukuliwa na watu wa juu, hatuwezi kuandika", ombeni waandike maneno hayo hayo. Mara nyingi wataandika ripoti ya kawaida ili kuepuka kuyaandika.

Barua moja, nakala nyingi: ujasusi wa kijeshi, ISO, makao ya polisi, Tume ya Haki za Binadamu. Kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Muhuri ndio utakaoonyesha kwamba waliulizwa na walinyamaza.

Saa 48 zikipita, wakili afungue Mahakama Kuu ombi la habeas corpus, la kutaka aliyeshikiliwa aletwe mbele ya jaji, likiwa na kiapo cha ndugu na viambatisho hivyo vyote. Haki hii Katiba inasema haiwezi kusimamishwa hata wakati wa hali ya hatari. Watajeni wahusika kwa cheo, na kwa jina pale mnapolijua, msimtaje Mwanasheria Mkuu peke yake.

Hapo panaharibika kwa namna mbili. Ya kwanza, wanajibu "hatuna mtu huyo", na ombi lisilo na shahidi aliyeona linakufa. Ndiyo maana nimesisitiza majina ya mashahidi mapema, kabla hawajatembelewa. Ya pili, usiku wa kuamkia siku ya kesi mtu anashushwa kando ya barabara, au anatokea kituo cha polisi akiwa na shtaka, na jaji anasema ombi limepitwa na wakati. Watu wanafurahi, wanamkumbatia, wanamwogesha, wanafua nguo. Msimwogeshe. Daktari kwanza, siku ile ile, na fomu ya polisi PF3, picha za majeraha zikiwa na kitu cha kuonyesha ukubwa wake, nguo kwenye mfuko wa karatasi. Nailoni huozesha damu. Kesi ya mateso inaanza pale ya habeas corpus ilipoishia.

Akipelekwa mahakama ya kijeshi akiwa raia, kumbukeni Mahakama ya Juu ilizuia hilo Januari 31, 2025, na mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya kulirudisha. Wakili wenu asome zote mbili.

---

Nyanya_wa_Arua

Na barua ya LC1 itolewe nakala tatu. Mwenyekiti anaweza kuitwa na GISO, afisa usalama wa serikali kwenye kata, kesho yake akaikana.